Presha ya Maganga na Presha ya Kosi

Wanangu mnaovaa sare nyeupe siku hizi, mkija kunisalimia hapa Ibadakuli mnaniuliza mambo ya kuchekesha: eti sindano mlikuwa mnachemshaje, eti umeme ukikatika mlizalishaje. Nawajibu, tunacheka, mnakunywa chai, mnaondoka na bodaboda zenu. Hakuna aliyewahi kuniuliza kitu kilichonichosha. Leo nitawaambia hicho, na mnivumilie nikirukaruka. Mtu aliyestaafu hasimulii kwa foleni.

Mimi ni Perpetua, Msumbwa wa Ushirombo kwa baba na kwa mama. Kazini waliniita Sista, na jina hilo limenisumbua. Mama mmoja pale mnadani Bugarama aliwahi kuniletea rozari yake nimwombee mume aache pombe. Nikamwambia, mama yangu, mimi ni sista wa sindano, yule wa misa yuko parokiani. Hakuniamini. Alidhani namkimbia.

Sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya kwenye zahanati ya mgodi, katika ukanda huu wetu wa dhahabu. Mgodi wenyewe siutaji. Baadaye nikahamia kituo cha afya cha serikali, nikamalizia huko. Nimefunga vidonda, nimepokea watoto, nimeosha maiti waliokosa ndugu. Lakini ugonjwa ulionichosha kuliko yote ni huu usiotoa damu wala usaha, ambao mgonjwa wake anaingia akitembea, anakusalimia, anakuuliza habari za nyumbani. Presha.

Enzi zile tuliipima kwa mashine ya zebaki. Unafunga mkanda mkononi, unapuliza, zebaki inapanda kwenye bomba la kioo, unashusha taratibu huku unasikiliza mapigo. Siku moja tulipokuwa tunapima wanakijiji, mchimbaji mdogo mmoja aliinama akaninong'oneza: "Sista, hiyo mashine ikivunjika msiitupe. Mniite mimi kwanza." Nikafurahi, nikajua nimepata kijana anayependa tiba. Kumbe alitaka ile zebaki akakamatie dhahabu yake.

Nyinyi leo mna mashine za betri. Mnabonyeza, namba inatokea, mnaandika. Sikatai, ni nzuri. Lakini naona mnampima mtu aliyeshuka kwenye pikipiki sasa hivi, anahema, amekunja nne, anaongea na simu, mkanda umefungwa juu ya sweta. Hiyo mnapima nini? Mwache akae kwanza. Akakojoe. Miguu yote miwili chini, mgongo uegemee, mkono uwe usawa wa moyo, wala asiongee, na wewe usimwongeleshe. Mwenye mkono mnene mtafutie mkanda mpana. Mpime mikono yote miwili mara ya kwanza. Dakika hizo mnazoziona zinawachelewesha ndizo kazi yenyewe.

Basi, Maganga na Kosi.

Waliingia kwangu asubuhi moja, siku ya kupima afya za wafanyakazi wa chini ya ardhi. Kosi alikuwa Kaburu wa Afrika Kusini, msimamizi wa uchorongaji, kazi ya kutoboa miamba. Jina lake hasa ni Koos, lakini midomo yetu ilimbatiza Kosi naye akaitika. Mtu mnene, shingo nyekundu, sigara sikioni, na mfukoni ana nyama kavu ya chumvi aliyoitafuna kutwa kama mbuzi anayecheua. Kiswahili alijifunzia shimoni, kwa hiyo alikiongea kwa kelele hata ofisini. Na mtu fulani alimfundisha kwamba shikamoo ni heshima, akawa anawapa shikamoo watu wote, hadi watoto wa shule. Watoto walikuwa wanamvizia njiani ili wamwitikie marahaba.

Maganga alikuwa mchorongaji wake. Msukuma mrefu, mwembamba, hana sigara, pombe anaonja harusini tu. Umri wao ulikaribiana, wote wawili wameshavuka arobaini. Mashine moja, vumbi moja, joto moja.

Nikampima Kosi, ikawa juu. Nikampima Maganga, juu. Nikawapumzisha, nikarudia mkono wa pili. Utadhani nimempima mtu mmoja mara mbili.

Kosi akacheka hadi kikohozi kikamshika. "Maganga! Wewe na mimi sasa ndugu!"

"Ndugu wa ugonjwa tu, Bosi," Maganga akamjibu. "Nikija kwako kule kilimani kwenye nyumba za wazungu, mlinzi atanirudisha."

Dokta wetu, kijana wa Kilimanjaro, mtu makini, aliwaandikia wote wawili kidonge kimoja, aina ile ile, cha kulegeza mishipa. Akawaambia wapunguze chumvi. Kosi akaitoa ile nyama mfukoni, akaitazama kwa huzuni, akairudisha mfukoni.

Waliporudi, presha ya Kosi ilikuwa imeshuka. Ya Maganga ilikuwa pale pale. Tukampa muda zaidi, tukamwongezea kipimo. Ikagoma.

Hapo mambo yakawa mazito. Mtu ambaye presha yake imekataa kushuka haruhusiwi kwenda chini. Akianguka kule kwenye mashine hafi peke yake. Maganga akatolewa shimoni akawekwa juu, kazi ya kufagia karakana, na kila mtu alijua kinachofuata baada ya ufagio. Alikuwa na mke, watoto, na wazee wa pande mbili waliomtegemea.

Dokta akamwita. Nilikuwepo.

"Maganga, hivi vidonge unameza au unawapa kuku?"

"Nameza, Dokta."

"Mwenzako mbona yake imeshuka? Dawa ni ile ile, imetoka kopo lile lile."

Maganga akatazama chini. Alikuwa mtu wa kunyamaza akionewa, na kunyamaza kwake kulifanana na kukiri. Karakana nzima ikawa inasema anakunywa mizizi ya mfumu, mganga wa kienyeji, na dawa za kizungu anatupa chooni.

Keshoye asubuhi mke wake akaja. Mama Limi, mwanamke mfupi, mweusi tii, amefunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kupura mpunga. Hakukaa.

"Wewe ndiye Sista?"

"Ndiye mimi, Mama Limi. Karibu kiti."

"Sikai. Nimesikia mnasema Baba Limi hamezi dawa. Nani kawaambia? Yule, dawa nampa mimi, kwa mkono wangu huu. Chumvi nimeipunguza hadi watoto wanalia mboga haipandi. Sasa kama dawa yenu haijui kazi, semeni dawa haijui kazi. Msimseme mume wangu."

Dokta alisikia yote kutoka chumba cha pili. Akatoka, akamwamkia shikamoo ingawa hawakupishana sana umri, akamwomba radhi. Halafu akafanya kitu ambacho hadi leo namheshimu kwacho: akanyanyua simu akampigia bingwa wa moyo kule Mwanza, aliyemfundisha chuoni, akamwambia, "Mama, nina mgonjwa nimemshindwa, naomba msaada."

Yule mama alikuja mwenyewe, siku alizokuwa anapita kliniki za huku. Mtu mzima, ana sauti ndogo. Akampima Maganga polepole, akampima figo, akasikiliza moyo, akatazama macho. Kisha akatuketisha, mimi na Dokta.

"Mgonjwa wenu hana kosa," akasema. "Kidonge hiki peke yake mara nyingi hakitoshi kwa watu weusi. Sio wote, lakini wengi. Miili yetu wengi inashika chumvi na maji, na njia ambayo kidonge hiki kinaiziba mwilini, kwetu mara nyingi siyo inayopandisha presha. Mpeni cha kukojoa, na kingine cha kutanua mishipa kwa njia tofauti na hiki. Mtaona."

Nikamuuliza yule bingwa lililokuwa linanikaa moyoni. "Kwa hiyo sisi damu yetu ni mbaya, Dokta?"

Akanitazama kama vile ameulizwa hilo mara nyingi na bado hajalizoea.

"Sista, huko nje wameandika sana kwamba watu weusi wenye presha wanatangulia kufa kuliko weupe wenye presha ile ile. Kiharusi, figo, moyo. Ni kweli wanatangulia. Lakini ukichunguza unakuta huyu aligunduliwa mapema, yule alichelewa. Huyu alipata dawa inayomfaa, yule alipewa iliyopo. Huyu aliimeza miaka yote, yule ilimkatikia. Mwili una sehemu yake, siwezi kukudanganya. Ila sehemu hiyo ina dawa. Ile nyingine ndiyo inayonikosesha usingizi."

Alipoondoka tulimbadilishia Maganga. Presha ikashuka kama maji ya mtaroni baada ya mvua. Nilipomsomea namba alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akatikisa. Akarudi chini. Siku ile Kosi alimpokea mlangoni mwa shimo kwa shikamoo ya kelele.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri, nayo haina habari nyingi za kusimulia. Walikuwa wanakuja pamoja kupima, wanashindana nani yake iko chini, aliyeshindwa anamnunulia mwenzake soda. Kosi alikuwa anadanganya. Anakaa nje kimya, anafumba macho, anapumua kama mtu anayeombewa, ndipo anaingia. Maganga anamwambia, "Bosi, hiyo ni presha ya kuazima." Nikifikiria kazi yangu, ile picha ya wanaume wawili wazima wanagombania soda mlangoni kwangu ndiyo ninayoipenda. Presha mbili, dawa tofauti kidogo, wote wazima.

Halafu mgodi ukapunguza watu. Sisemi ulikosea, migodi yote hufika hapo. Kosi mkataba wake ukaisha akarudi kwao. Maganga akapunguzwa, na bima ikapunguzwa naye. Alipewa vidonge vya kuanzia, tukaagana, nikamwambia: Baba Limi, hivi vikikaribia kuisha usingoje viishe. Akaniambia, "Sawa, Sista." Nami nikahamia serikalini muda si mrefu.

Alikwenda upande wa Geita na shemeji zake, wakaingia kwenye duara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Mtu aliyezoea kofia ngumu, taa na feni za kuvuta hewa, sasa anashuka kwa kamba. Wale waliomwajiri walimpenda kwa sababu aliujua mwamba, akigonga jiwe anakuambia litaanguka au halianguki. Nyumbani kijijini alikuwa anarudi mara moja moja.

Nilikutana naye bila kutarajia, kwenye kituo cha mabasi, amebeba kiroba cha michembe, viazi vikavu, anapeleka kambini. Amekonda, lakini anacheka.

"Sista! Mhola?"

"Mhola duhu, Baba Limi. Dawa vipi?"

"Nimepona mimi. Sina kichwa, sina kizunguzungu. Niliacha mwenyewe nikaona niko sawa."

Wanangu, neno hilo "nimepona" nimelisikia hadi nikilisikia nachoka mabega. Nilikuwa na mashine kwenye begi. Nikamkalisha kwenye benchi la muuza chai, nikamwambia anyamaze, nikampima huku makonda wanapiga kelele. Sikuipenda ile namba. Nilimpima tena. Nikamweleza, palepale, kwamba presha haina kichwa wala kizunguzungu, kwamba siku ikikuambia ipo imeshamaliza kazi. Alisikiliza. Hakuwa mbishi. Akaniambia jambo moja tu:

"Sista, nilikwenda zahanati kule. Mara ya kwanza hawana. Mara ya pili hawana. Kwenda na kurudi naacha kazi. Mara ya tatu sikwenda."

Nikamsindikiza siku ile ile hadi zahanati iliyokuwa njiani kwake. Kijana mwenye dawa alikuwa mwema, akatafuta hadi juu ya kabati. Cha kukojoa kimeisha. Kile kingine kimeisha. Kilichokuwepo ni kile kidonge cha kwanza kabisa, kile kilichomgomea tangu mwanzo.

"Si bora kuliko hakuna?" akauliza Maganga.

"Ni bora kuliko hakuna," nikamjibu, na ndivyo ilivyokuwa. Nikampa maelekezo ya wapi pa kujaribu vingine. Akachukua, akapanda gari.

Kidonge kile kina tabia moja ambayo mnapaswa kuijua kama jina lenu: baadhi ya watu kinawapa kikohozi kikavu, kisichokoma. Kambini Maganga akaanza kukohoa. Na kambini mtu wa shimoni akikohoa, watu hawasemi kidonge. Wanasema kifua kikuu, wanasema vumbi limemwingia. Wakamtenga kulala, wakamtenga kikombe. Akapima makohozi, hana kitu. Mwenyewe akagundua kwamba akiruka kidonge kikohozi kinapungua. Akaruka tena. Mwisho akaacha. Hapakuwa na mtu wa kumwambia kipo kingine badala yake, na hata angeambiwa, hicho kingine kilikuwa kimeisha.

Kilichotokea baadaye alinisimulia Mama Limi. Maganga alikuwa nyumbani, amekuja kwa ajili ya kilimo. Asubuhi, amekaa kwenye kigoda, anakunywa uji. Kikombe kikamponyoka. "Akakiangalia kinamwagika," Mama Limi aliniambia, "kama vile si chake. Nikamwambia Baba Limi, okota. Akanigeukia mdomo umekwenda upande."

Ndugu zake wakasema amerushiwa kitu na wabaya wa kule machimboni. Wakampeleka kwa mfumu kwanza. Mama Limi alipiga kelele, hawakumsikiliza. Ndugu wa mume walikuwa wengi na yeye ni mmoja. Walipomleta hospitali mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimeshakufa.

Aliishi hivyo miaka kadhaa. Nilikuwa namtembelea nikipata nafasi. Maneno aliyobaki nayo yalikuwa machache, na la ajabu, yale ya Kiswahili ya kazini yalipotea yote, yakabaki ya Kisukuma ya utotoni. Mama Limi alimgeuza, alimuogesha, alimlisha, na shamba alilima yeye. Tulikuwa tumempatia tena dawa zake, zinapatikana na kukatika. Halafu miguu ikaanza kuvimba. Figo. Pale hatukuwa na la kufanya tena, na mashine za kusafisha damu ziko mbali na siyo za mtu wa kule. Alifariki mchana, mkewe amemshika kichwa. Alikuwa bado hajafika umri ambao mimi nilistaafu.

Mazishi yalijaa wachimbaji. Mchungaji alisema Mungu amempenda zaidi. Mzee mmoja pembeni yangu akasema, "Sisi watu weusi presha haituachi, damu yetu ndivyo ilivyo." Watu wakaitikia kwa vichwa. Nilikuwa nimechoka mno kubishana. Nilikuwa nafikiria soda.

Sasa, si zamani sana, nikiwa nimeshastaafu, mtu akabisha hodi hapa kwangu. Nafungua, naona mzungu mzee, fimbo mkononi, kofia, mashavu yamelegea.

"Shikamoo, Sista!" Kelele ile ile.

Kosi. Alikuwa na kijana wake anafanya kazi ya ndege hizi za utafiti wa madini, akaamua aje aione nchi mara ya mwisho. Nikacheka, nikalia, nikampa kiti. Hakuuliza habari za mgodi. Kitu cha kwanza:

"Maganga iko wapi?"

Nikamwambia.  Akasema anataka kwenda nyumbani kwa Maganga.

Tulikwenda na gari la kijana wake. Mama Limi alitukaribisha uani, akatandika mkeka, akamletea Kosi kiti pekee chenye mgongo. Alimkumbuka. Limi, binti yao wa kwanza, mwanamke mkubwa sasa, fundi cherehani mwenye watoto wake, alikuwepo siku hiyo, akatuletea matobolwa, viazi vya kuchemsha vikakaushwa, na chai. Kosi aliona kaburi pale nyuma ya nyumba, akavua kofia. Aliporudi akakaa, akaniuliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ndogo.

"Sista. Mimi iko mnene. Mimi navuta sigara mingi. Nyama ya chumvi, kila siku. Maganga hapana. Presha yetu moja. Kwa nini mimi iko hapa?"

Nikamsogezea chai.

"Daktari yangu nasema," akaendelea, "watu nyeusi na presha nakufa mapema. Nasema damu iko tofauti. Kweli?"

Kiswahili cha Kosi kilimpita Mama Limi, akaniuliza amesema nini. Nikamgeuzia kwa Kisukuma. Akaweka sahani chini.

"Mwambie damu ya Baba Limi ilikuwa inasikia dawa. Alipopewa ile inayomfaa ilitulia, tukakaa vizuri hata nikasahau kama anaumwa. Yeye mwenyewe Kosi aliona. Mwambie."

Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Kisha, kwa kuwa ilikuwa saa yake ya dawa, akatoa mfukoni kiboksi cha plastiki chenye vyumba vya siku za wiki, kila chumba na vidonge vyake. Mama Limi akakitazama.

"Ni zile zile?"

"Moja ni ile ile aliyoanza nayo pale mgodini," nikasema. "Nyingine wamemwongezea."

"Muulize, huko kwao hazijawahi kuisha?"

Nikamuuliza Kosi. Hakuelewa. Nikarudia: umewahi kwenda kuchukua dawa ukaambiwa hakuna?

"Kuisha?" Alinitazama, akamtazama yeye. "Dawa iko kuisha namna gani? Mimi, inakuja nyumbani. Kwa posta."

Nikamgeuzia Mama Limi neno kwa neno. Nilidhani atakasirika, mimi ningekasirika. Aliinuka akaenda ndani, akarudi na kikombe cha maji safi, akampa Kosi kwa mikono miwili.

"Ameze," akasema. "Muda wake usipite."

Kosi alimeza.   Baadaye kwenye gari aliegemea dirisha, akawa anatazama mashamba ya pamba njia nzima hadi mjini.

Kabla hatujaondoka nilimwomba Limi mkono. Hakutaka, akasema hana tatizo, hana kichwa wala nini. Nikamwambia akae, anyamaze, miguu chini. Nikapima. Nikapumzisha, nikapima mkono mwingine. Aliusoma uso wangu.

"Ni ya baba?" akauliza.

"Ni yako. Ila inafanana."

"Nitakwenda kama yeye?"

Mnatakiwa kuwa na jibu la swali hilo, wanangu, kwa sababu mtaulizwa. Mimi nilisema lile nililokuwa nalo. "Ukipata dawa yako na usiiache, una nafasi ya kuzeeka. Ukiiacha, au ikikuacha, sijui."

Wiki ile ile nikaenda naye kituo cha afya. Nilikwenda kama mama mzee wa kawaida, sikujitambulisha. Akapimwa vizuri, nilifurahi, yule nesi alimkalisha kwanza. Akaandikiwa dawa inayomfaa, cha kukojoa na kile kingine. Tukafika dirishani. Nesi mwingine, binti mdogo, rika lenu, akatazama karatasi, akasema kama anavyosema kutwa nzima:

"Hiki kipo. Hiki cha kukojoa kimeisha. Rudi wiki ijayo."

Nilifungua mdomo. Limi akanigusa mkono.

"Sawa, nesi," akasema, bila ukali. "Wiki ijayo nitakuja. Kisipokuwepo nitakuja tena wiki inayofuata. Mimi nashona pale ng'ambo ya barabara, siko mbali. Utanizoea."

Yule binti akainua uso akamtazama, nadhani kwa mara ya kwanza. Akasema, "Subiri, dada." Akachukua simu yake mwenyewe, akapiga zahanati moja, hawana. Akapiga ya pili. Akazungumza kidogo, akacheka na mtu wa upande wa pili, akaandika jina la mahali kwenye kipande cha karatasi akampa Limi. "Nenda leo. Wamebakiza kidogo, nimekuombea wakuwekee." Tulipanda pikipiki, tukakipata.

Tangu hapo kila mwezi, siku ya kuchukua dawa, Limi ananipigia akitoka dirishani. Hasalimii, anajua nangoja. Kuna miezi anasema, "Sista, haipo, nakwenda kule kwingine." Kuna miezi anasema neno moja tu.

Juzi alipiga. Nikapokea, nikasikia kelele za barabarani, na cherehani ya mtu.

"Ipo," akasema, akakata.